Kiapo cha Sambusa Mia Tatu

Njia ya Kokoto, magharibi ya Fort Worth
11 Januari 2025

Dada yangu mpendwa Mashavu,

Assalaam alaykum. Nakuandikia nikiwa mzima, ila goti ndilo linalonikumbusha umri kila baridi ikiingia. Nuha mke wangu mzima. Mbuzi nao wazima, isipokuwa yule mweusi, ambaye amekula nusu ya pazia la sebuleni na bado anadai chakula cha jioni. Binti yetu Afnan na mumewe wanakusalimu kutoka Dallas. Nasi tunatumai presha yako imeshuka, na kwamba wale vijana wa ghorofa ya juu hapo Sharpstown wameacha kuburuta viti.

Ama baada ya salamu, umeme ulikatika. Tarehe tatu, saa nne asubuhi. Tulikuwa tumefika siku mia mbili na kumi na moja, dada. Nilikuwa nazihesabu kwa chaki nyuma ya mlango wa stoo. Kisha kuchakuro mmoja, hawa kindi wa mitini, akapanda kwenye transfoma kutafuta anachokijua mwenyewe, akafa yeye na zikafa hesabu zangu zote.

Sijasahau ulivyoapa. Ilikuwa Julai ya mwaka juzi, sambusa mia tatu za harusi ya Afnan zimeoza ndani ya friza yangu, na siku tatu nzima nilikuwa nikikwambia, "Usijali, utarudi sasa hivi." Uliinua kidole ukasema: Wallahi, Mselem, kinywa changu hakitasema nawe tena mpaka nyumba hii yako ikae mwaka mzima umeme haujakatika. Tangu hapo simu zangu hupokei, na siku za Eid unampigia Nuha ili aniambie kuwa dadangu anasema Eid Mubarak. Namshukuru Mungu kiapo chako hukukifikisha kwenye kalamu.

Sasa nimechoka kungoja huruma ya makuchakuro. Umeme wa huku shamba hauuzwi na kampuni, ni wa ushirika. Kila mwenye mita ni mwanachama, na wanachama huchagua watu saba wa bodi, wanaoamua nguzo zipi zibadilishwe na miti ipi ikatwe. Kiti cha upande wetu amekikalia Bwana Hollis Tackett kwa miaka ishirini na nne. Ni mzee mwema mwenye kofia kubwa, lakini miti ya njia yetu imelalia nyaya, na yeye amelala pia. Mwaka huu nagombea kiti hicho.

Watu wakiniuliza sababu nitawaambia ni miti. Wewe nakwambia kweli. Nataka kuisikia sauti yako tena kabla hatujazeeka kabisa, na kama njia yake inapitia kwenye bodi ya umeme, basi nitapita humo humo.

Nduguyo,
Mselem


Sharpstown, Houston
25 Januari 2025

Ndugu yangu Mselem,

Waalaykum salaam warahmatullah. Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili, ya pili kwa miwani. Presha iko pale pale. Vijana wa juu hawaburuti tena viti, siku hizi wanaburuta kitanda. Tangu Disemba nimeacha kazi. Yule bibi niliyekuwa nikimwuguza Pearland amechukuliwa na mwanawe, na mimi nikajiambia miaka sitini na sita inatosha kuinua watu. Basi nakaa nyumbani nasikiliza friji.

Nimecheka, Mungu anisamehe. Wewe ugombee? Wewe ambaye kule kwetu Kibokoni mama akikutuma kuomba chumvi kwa jirani ulikuwa unakaa barazani kwao saa nzima, kisha unarudi huna chumvi na umebebeshwa mtoto wao umlee? Kugombea ni kuomba, mdogo wangu. Huwezi.

Wala usinifundishe habari za umeme. Kuna watu fulani wa umeme wananiletea kijarida kila mwezi, miaka sasa, sijui jina langu wamelipata wapi. Kina picha za ng'ombe na mapishi. Nakisoma nikingoja chai ichemke. Keki yao ya pichi nimeijaribu, sukari imezidi mno.

Na kama unapanga kunitumia shekhe aje kunieleza kwamba kukata udugu ni haramu, asisumbuke na mafuta ya gari. Udugu sijaukata. Nimeukunja nikauweka kabatini mpaka umeme wako ukae sawa. Siku mbili nilikunja zile sambusa, vidole vikavimba, na kila moja niliikunja nikimwombea Afnan. Kisha nikazitupa kwa koleo. Tangu siku ile sijakunja hata moja. Watu wa harusi hapa Houston wananibembeleza, nawaambia mikono imesahau.

Funika goti. Pazia likikamilika kuliwa usinunue jingine, nitakuletea kitambaa Mungu akipenda.

Dadako,
Mashavu


Njia ya Kokoto
20 Februari 2025

Dada Mashavu,

Salaam nyingi. Sisi wazima, na tunaomba nawe uwe mzima kuliko sisi. Goti linaitika. Mbuzi mweusi amezaa mapacha, nao wameanza kutazama zulia.

Ulisema siwezi kuomba, nikaudhika, na sasa sina budi kukueleza yaliyonifika. Ili jina liingie kwenye karatasi ya kura zinatakiwa sahihi ishirini na tano za wanachama. Basi siku ninazorudi mapema kutoka kazini Euless, ninakopakua mizigo, navaa shati safi, Nuha ananifungia mahamri, nami napita nyumba kwa nyumba.

Nyumba ya kwanza nikakaribishwa. Nikauliza hali zao, nikauliza ng'ombe, nikauliza mama mzazi, nikauliza mvua. Nikanywa kahawa isiyo na sukari, nikaaga. Haja yangu sikuitaja, kwani mtu anaingia nyumba ya watu kwa mara ya kwanza na kuanza na shida yake? Wangesema nimelelewa na nani? Nikafanya hivyo nyumba kumi na mbili. Wiki iliyofuata nikarudi kwa awamu ya pili, nikauliza tena ng'ombe na mama.

Kumbe nyuma yangu maneno yameenea. Wa kwanza anasema nauza zile sola za kuweka juu ya paa na nawapeleleza mapaa yao. Wa pili anasema nimeleta dini. Wa tatu amefunga geti kwa mnyororo, lakini ameacha ujumbe kwamba mahamri yawekwe juu ya nguzo. Mzee mmoja aliniona mara mbili nikitazama upande wa banda lake, akaamini naona haya kusema kwamba naitaka mashine yake ya kukatia majani. Akanionea huruma, akaniuzia. Nilishindwa kukataa.

Hesabu mpaka leo: majogoo wawili niliobebeshwa, mashine moja, sahihi hakuna.

Usicheke kwa sauti, presha.

Nduguyo,
Mselem


Sharpstown
1 Machi 2025

Ndugu yangu,

Ramadhani Karim, Mungu atupe nguvu ya kuifunga yote. Mimi mzima. Nilicheka mpaka wale vijana wa juu wakagonga sakafu, na hiyo ndiyo mara ya kwanza wao kunigongea mimi.

Sikiliza sasa. Mimi nimeposa ndoa thelathini na moja katika mji huu, na ni mbili tu zilizovunjika, moja ikarudi. Kosa lako nimelijua kabla sijafika nusu ya barua. Wewe umekuwa bwana harusi anayekwenda kujiposea. Mtu hajiposei, Mselem. Sisi wenyewe tulipokwenda kukuposea kwa kina Nuha, wewe ulifungiwa nyumbani na mimi ndiye niliyesema, na nilisema mengi ambayo hukuwa nayo. Ungekwenda mwenyewe ungerudi na majogoo.

Mtume Nuha. Mtu akimwombea mwenziwe ulimi wake unakuwa mwepesi. Kisha hao majirani zako si watu wa Kibokoni. Ukimwuliza mtu habari za mama yake mara tatu bila kusema umefuata nini, ataita polisi. Haja isemwe getini, kabla ya mahamri: mume wangu anagombea, miti imelalia nyaya, weka sahihi hapa. Mama na ng'ombe waulizwe baadaye. Mficha uchi hazai.

Na Nuha akusifu yeye. Amekuvumilia miaka ishirini na sita, hatakosa la kusema. Kama atakosa, naye anipigie.

Mashine ya majani usiirudishe, utamvunjia mzee heshima.

Dadako,
Mashavu


Njia ya Kokoto
27 Machi 2025

Dada yangu,

Salaam, na swaumu njema katika hizi siku za kumalizia. Nuha anakusalimu sana na goti linakusalimu kidogo. Kaa kitako kabla hujaendelea kusoma.

Nuha alikwenda siku mbili tu, akarudi na sahihi ishirini na saba. Sijui aliwaambia nini, lakini bibi mmoja alinishika mkono dukani akaniambia ana furaha nimeacha kukoroma.

Nikapeleka karatasi ofisini kwa ushirika. Pale kuna mama mmoja, Bi Theodora, anayetunza daftari la wanachama, mtaratibu, kalamu ameichomeka kwenye nywele. Akatafuta jina langu. Akatafuta tena. Akaniuliza ninaishi wapi, nikamwambia Njia ya Kokoto, nyumba namba tisa. Akasoma, akanitazama kwa huruma, akaniambia kwamba katika nyumba namba tisa hakuna mwanachama anayeitwa Mselem. Mwanachama wa nyumba namba tisa ni Mashavu Abdulbasit.

Umekumbuka? Miaka sita iliyopita nilipohama Euless kuja huku, wale watu wa umeme wakakataa kunifungulia mita kwa sababu sikuwa na historia ya mikopo. Wewe ukasema kwenye simu, "Andikisha kwa jina langu, tutabadilisha baadaye." Baadaye yenyewe haikufika. Ndugu zetu wote wanaishi hivyo. Gari la Hudhaifa limeandikwa jina la shemeji yake, na simu ya shemeji imeandikwa jina la Hudhaifa, na mambo yanakwenda.

Hapa hayaendi. Anayegombea lazima awe mwanachama kwa mwaka mzima. Hata nikijiandikisha leo, mimi wa mwakani. Na siku ya mwisho ya kupeleka majina ni tarehe kumi na tano Aprili.

Nina maneno mawili tu kabla sijanyamaza. La kwanza, kila mwenye mita ndiye mwenye umeme, ndivyo ilivyoandikwa ukutani kwao kwa herufi kubwa. Kwa hiyo, dada, umeme uliozioza zile sambusa ulikuwa wako.

La pili, Bi Theodora anasema kila mwaka karatasi ya kura hutumwa Sharpstown, na kila mwaka hurudi imejazwa vizuri. Ulikuwa unampigia nani?

Nduguyo asiyekuwa na mita,
Mselem


Sharpstown
4 Aprili 2025

Mselem,

Waalaykum salaam. Eid ilikuwa njema, nililetewa biriani na majirani watatu na yote haikuwa na viazi. Afya sijui, nitaipima nikishatulia.

Nilimpigia Bwana Hollis Tackett. Mara zote. Nilidhani ni mambo ya Houston. Mtu akitumiwa karatasi ya kura ataitupa? Karatasi ilikuwa na jina moja tu na picha yake. Nikakaa nikafikiri, nikamchagua. Ana uso wa mtu anayemheshimu mamake. Mara moja alikuwa na kikohozi kwenye kijarida, nikamwombea dua.

Basi ndiye aliyeiacha miti ikalalia nyaya, na ndimi niliyemweka. Sambusa zangu nilizioza mwenyewe kwa kalamu. Nimeyazungusha maneno haya kichwani siku tatu nione kama yatageuka, hayakugeuka.

Nimempigia Bi Theodora. Nimemwuliza: mwanachama wa miaka sita akihamia kwenye nyumba yenye mita yake, anaruhusiwa kugombea? Akasema anaruhusiwa, mradi awe anaishi hapo siku anayopeleka jina, na sahihi ziwe zake mwenyewe. Mkataba wangu wa nyumba unaisha tarehe kumi. Hudhaifa ataniletea mizigo kwa lile gari la shemeji yake. Andaeni chumba cha Afnan.

Usifurahi bado. Kiapo ni kiapo. Nitakaa kwako, nitakula kwako, na kinywa changu hakitasema nawe mpaka mwaka utimie. Nakuja kwa ajili ya umeme wangu.

Karatasi haioni haya, basi nitaiachia hili. Tangu niache kazi nyumba hii imekuwa kimya mno. Asubuhi nyingine nimeamka nikasikia kwamba siku nzima sitakuwa na wa kumgombeza. Mwambie Nuha mto nautaka mgumu.

Dadako, mwenye mita,
Mashavu


Mlangoni mwa friji
18 Mei 2025

Dada,

Salaam. Nakuandikia kutoka sebuleni, nawe uko jikoni. Mimi mzima na wewe mzima, nakusikia unavyogonga vyungu.

Nimerudia kalamu kwa sababu Nuha amegoma. Mwezi mzima amekuwa akibeba maneno yetu hatua tatu kutoka kiti changu hadi chako: mwambie mumeo chai haina tangawizi, mwambie wifiyo tangawizi imekwisha. Leo asubuhi amesema yeye si simu. Amesema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, na kweli amechukua jembe, yuko kwenye bamia tangu saa mbili.

Nina mambo mawili tu. Jina lako limepitishwa, Bi Theodora amepiga simu. Sahihi zako thelathini na tatu za siku tatu zimewashangaza. Nuha anasema ulikuwa unasimama getini na kuanza, "Nimekuja kumwombea ndugu yangu umeme, hana adabu ya kuomba mwenyewe," na watu wanatia sahihi kabla hujamaliza.

Pili, mkutano mkuu ni Jumamosi ya tarehe kumi na nne Juni, ukumbi wa michezo wa shule. Kila mgombea anapewa dakika mbili. Tafadhali zipime. Juzi ulipojaribu mbele ya mbuzi ulitumia arobaini.

Umeme una siku mia moja na thelathini na tano. Sisemi kitu.

Nduguyo,
Mselem


(Chini ya karatasi hiyo hiyo)

Mbuzi walikuwa wanauliza maswali. Tangawizi nimeiona, uliiweka kwenye sanduku la misumari.

Dadako


Chini ya mlango wa chumba cha Afnan
15 Juni 2025

Dada yangu,

Assalaam alaykum. Natumai umelala vizuri na sauti imerudi.

Kwanza hongera. Kura mia moja sitini na nne kwa mia moja hamsini na tatu. Bwana Tackett alinifuata nje kofia mkononi. Aliniambia miaka hii yote alikuwa akiomba mtu ajitokeze, maana mkewe anataka wakatembee na afya ingalipo, lakini kila mwaka karatasi inarudi na jina lake peke yake, na hakutaka kuwaangusha wale wanaompigia kwa imani. Sikumwambia kwamba mmoja wao analala nyumbani kwangu.

Sasa nije kwenye kesi. Jana ulisema nami, Mashavu.

Najua utakana, kwa hiyo naandika ushahidi. Ulikuwa jukwaani, ndiyo kwanza umefungua kinywa. Umeme ukakatika. Ukumbi ule hauna hata dirisha, ikawa giza la kutojiona mkono. Mimi nilikuwa juu kabisa nyuma ya viti vya ngazi, nikaanza kushuka nikipapasa. Kabla mtu yeyote hajasema neno, sauti yako ikatoka gizani: "Mselem! Kaa hapo hapo. Usishuke, goti lako." Watu mia tatu walisikia. Hawakujua Kiswahili hata kidogo, lakini wawili waliokuwa mbele yangu wakakaa.

Nilikaa nikalia kidogo, dada. Giza lilinifaa. Miaka miwili sijasikia jina langu likitoka kwako.

Kisha ukaendelea bila kipaza sauti, kwa kifua kile cha kuita watu harusini. Ukawaambia kwa Kiingereza chako kilichonyooka kwamba ulikuja kuwaeleza hali ya Njia ya Kokoto, "lakini naona wote tumeshafika, karibuni." Ukawasimulia sambusa zote mia tatu, moja moja. Taa ziliporudi kuna bibi alikuwa anafuta machozi.

Liko na la tatu, nalo linanisumbua tangu jana. Sijamwambia hata Nuha. Meza ya chai ilikuwa huko juu nilikokuwa. Nilileta birika zetu mbili kubwa za umeme, nikiwa nimewaahidi watu chai ya maziwa ya kwetu. Ulipoanza kusema nikaona nitaiwasha na ya pili ili ukimaliza chai iwe moto. Zilikuwa kwenye tundu moja la ukutani na mitambo yao minne ya kahawa. Nilibonyeza kitufe, na papo hapo kukawa giza.

Si matawi wala kuchakuro. Ni mimi.

Nduguyo,
Mselem


Mlangoni mwa friji
15 Juni 2025

Mselem,

Waalaykum salaam. Sauti haijarudi, na si kwamba ungeisikia.

Sikusema nawe. Nilikukemea. Mtu akiona mbuzi anaelekea shimoni akampigia kelele, utasema amezungumza na mbuzi? Kiapo changu kizima.

Hayo ya birika nimeyasoma nimesimama, kisha nimeyasoma nimekaa. Watu wamenichagua wakidhani ushirika umewazimia taa, kumbe ni ndugu yangu na chai yake. Kesho asubuhi naenda kumweleza Bi Theodora kila kitu. Wakikichukua kiti na wakichukue. Sitakaa kwenye kiti kilichopashwa moto kwa birika.

Kuhusu kulia, umefanya vibaya kuniandikia. Nimeshindwa kula.

Dadako,
Mashavu


Mlangoni mwa friji
28 Juni 2025

Ndugu yangu mpendwa Mselem,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Hali yangu njema, na yako naiona kwenye kioo cha kabati unavyopitapita hapo ukumbini ukijifanya unatafuta kandambili.

Nianze na habari za kazi. Bi Theodora alinisikiliza mpaka mwisho, akaenda kuwauliza wakubwa, akarudi na jibu: tundu la ukutani ni la shule, si la ushirika, na hakuna kanuni yoyote inayokataza chai. Kiti kinabaki changu. Bwana Tackett alipoelezwa alicheka hadi akakohoa kile kikohozi chake. Anaomba tumfundishe kuipika.

Jumanne nilikaa kwenye kikao cha kwanza. Wakatoa orodha ya njia zinazongoja kukatiwa miti. Ya kwetu ni ya kumi na nne. Mwenyekiti akaniambia kwa wema kabisa kwamba mjumbe mpya akitaka kuipandisha njia yake, hakuna atakayenuna. Nikamwuliza ya kwanza ni ya nani. Akasema kuna nyumba yenye mzee anayelala na mashine ya kupumulia. Nikasema basi ya kumi na nne na ibaki ya kumi na nne.

Nikapiga hesabu. Wakifika kwetu ni msimu wa pili wa baridi kuanzia sasa. Kuanzia hapo ndipo mwaka wa kiapo unaanza, kama makuchakuro watakubali. Ni karibu miaka mitatu, Mselem. Presha yangu haina miaka mitatu ya kuchezea, na goti lako linapanda ngazi kwa dua.

Mlango wa kafara nilikuwa naujua tangu siku ile ya friza. Anayekivunja kiapo chake hulisha maskini kumi, hata mtoto wa chuo cha Kurani anajua. Kilichonizuia ni kiburi. Na nitakwambia la mwisho ambalo karatasi itakuwa imelisikia kabla yako. Siku ile ukumbini sikuliogopa giza. Niliogopa utaanguka, na neno langu la mwisho kwako liwe kile kiapo cha pale kwenye friza. Nililia usiku ule nawe ukalala unakoroma, Nuha hakuwadanganya watu.

Basi Alhamisi nilimchukua Nuha, tukakunja. Mikono haikusahau hata pembe moja. Tulipika na wali, tukapeleka kwenye foleni ya chakula pale kanisani mjini, watu kumi nikawahesabu mwenyewe, kila mmoja sambusa tatu na sahani ya kushiba. Mmoja aliuliza kama kuna pilipili. Nilimpenda papo hapo.

Nilikunja thelathini na tano. Kumi mara tatu ni thelathini. Moja ameila Nuha, moja ameiba mbuzi mweusi, na moja nimeionja nikaona bizari imekaa sawa. Zimebaki mbili. Nimezipasha kwa gesi, umeme huu siuamini.

Barua hii usiijibu. Kalamu nimeificha. Ingia jikoni uzile zingali moto, nina miaka miwili ya maneno na nataka kuanza na lile shati ulilovaa kwenye mkutano.

Dadako,
Mashavu